Pini ya Simeon

Ukitaka kujua nani ameoa, nani ameachwa, na nani ameuzia jirani ng'ombe asiyetoa maziwa, ulikuwa unaingia kwa Mama Wakonyo. Hoteli yake ilikuwa hapo chini ya stendi ya mabasi, Nyeri mjini, na chai yake ilikuwa nzito ya kutosha kusimamisha kijiko. Lakini mtu asikudanganye kwamba tulijaa pale kwa sababu ya chai. Tulikuja kwa sababu ya ramani.

Ilikuwa ramani ya dunia nzima, imepigiliwa misumari juu ya mlango wa jikoni, na moshi ulikuwa umeipaka rangi ya chai kuanzia Australia kwenda juu. Mwenyewe alikuwa Kingori, karani wa posta, mtu wa tai hata Jumamosi. Mzungu mmoja aliyefunga mizigo mwaka wa uhuru alimwachia ramani hiyo pamoja na sanduku la magazeti ya chesi, mchezo ule ambao watu wa pwani huuita sataranji. Tangu siku hiyo Kingori akashikwa na ugonjwa. Kila bingwa aliyesoma habari zake, alimtafutia mji wake kwenye ramani akauchoma pini. Pini alikuwa anamwibia mke wake, fundi wa nguo, zile zenye vichwa vya rangi. Mkewe alikuwa anajua. Nyeri nzima ilikuwa inajua.

"Angalieni," Kingori angesema, akiwa amepanda juu ya benchi na viatu vyake. "Nyeupe ni za zamani, za mababu zao. Uhispania hapa, Italia hapa. Halafu zikapanda Paris. Zikavuka maji zikaenda London. Zikarudi Ujerumani, kisha zikakaa Vienna. Na sasa muone hii nyekundu."

Nyekundu zilikuwa Urusi, zimesongamana Moscow na Leningrad mpaka karatasi ikatoboka na ukuta ukaonekana. Huku na huku ulipata iliyotawanyika: moja Kuba, kadhaa Yugoslavia, Budapest chache, na ya yule kijana wa Amerika aliyeunyakua ubingwa mwaka wa sabini na mbili kisha akakataa kucheza tena. Lakini Afrika yetu ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Hapo ndipo maneno yalikuwa yanaanza.

"Ni baridi," mmoja angesema. "Huko hakuna jua. Mtu afanye nini? Anakaa ndani anafikiria."

"Kama ni baridi, enda ulale Kiganjo mwezi wa saba, ukiamka utuletee kikombe cha ubingwa."

"Ati ni viazi. Warusi hukula viazi sana."

"Na sisi tunakula nini, mawe?"

Wakonyo naye angejibu kutoka jikoni bila kutoa kichwa. "Serikali yao inawalipa wacheze. Nyinyi mkilipwa kwa kukaa hapa mtamaliza hata kuta zangu."

Mtu pekee ambaye hakuwa anacheka ni Gatimu. Yeye angeitazama ile Afrika tupu, apulize chai yake, aseme, "Hakuna baridi wala viazi. Ni mtu kufundisha mtu. Pini inatembea na miguu ya mtu."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Gatimu, au Baba Gathoni kama tulivyomwita, alikuwa dereva wa lori. Asubuhi alibeba maziwa ya Mukurweini, na siku za soko lori lilikodishwa kwenda Kagio kuchukua nyanya na mchele, likipitia Kutus. Chini ya kiti alikuwa na ubao wa chesi na mfuko wa kitambaa. Popote alipongoja mzigo, alitandaza ubao juu ya debe, akamwita mtu aliye karibu, akamfundisha. Ndiyo maana Mukurweini walikuwa wanacheza kwenye kituo cha maziwa, Kagio wanacheza kati ya magunia, na Kutus wanacheza huku wanauza. Kama Kingori angekuwa na ramani ya Mlima Kenya peke yake, kila pini ingefuata njia ya lori la Gatimu.

Naye Gatimu alifundishwa na kaka yake mkubwa, Simeon.

Simeon alikuwa akipika uji karibu na kambi ya wafungwa Waitaliano, wale walioletwa hapa wakati wa vita vikuu vya Hitila. Mfungwa mmoja alichonga vipande vya chesi kwa mti wa mutamaiyo, na kwa kuwa alikosa mtu wa kucheza naye, akamfundisha mpishi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walifundishana kwa mikono na maneno mawili matatu. Mwitaliano alipokuwa anarudi kwao alimwachia Simeon vile vipande, na Simeon akavipa majina yetu. Mfalme akawa Chifu. Malkia akawa Mama wa Chifu, kwa sababu ndiye huzunguka kila mahali huku Chifu mwenyewe anasonga hatua moja akipumzika. Farasi akawa Punda. Yule anayekwenda kimshazari akawa Padre, na hapo usiniulize. Wadogo wa mbele tukawaita watu wa mkono.

Kulikuwa na sheria moja Simeon aliyoisisitiza kuliko zote. Unaweza kumshinda mtu kwa kumkamata Chifu wake, yaani kumpiga akose pa kukimbilia. Hiyo hata askari anaweza. Lakini ushindi wa mtu muungwana ni kumfungia. Chifu hajapigwa, hakuna aliyemgusa, ila ni zamu yake na hana pa kukanyaga, na watu wake wote wamezuiwa. Ukimfungia mwenzako hivyo, unagonga meza mara moja unasema, "Pata." Ndivyo yule Mwitaliano alivyomwambia Simeon, kwa mdomo wake. Pata! Na tukajua maana yake: umepata. Aliyefungiwa alikuwa ananunua chai na mandazi. Aliyekamatwa alinunua chai kavu.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Simeon alichukuliwa akawekwa kizuizini nyuma ya waya, kambi moja hadi nyingine, na hakurudi. Hakupigwa risasi, hakuhukumiwa. Walisema ni homa. Gatimu alibaki na ule mfuko wa kitambaa, na jina la kaka yake ambalo watu wengine, wenye midomo mirefu, walilitaja wakimalizia, "Pole, huyo alishindwa." Gatimu hakuwahi kugombana nao. Lakini siku moja alimwambia Kingori mbele yetu sote:

"Karani, ukiweka pini Nyeri, utaiita ya Simeon."

"Siwezi kuweka tu," Kingori akasema, na tai yake ikakaa sawa kama ya hakimu. "Hii ramani iko na sheria. Pini ni ya mtu ameshinda mtu wa pini."

"Na nitampata wapi, mtu wa pini? Kwa soko ya Kagio?"

Ilikuwa ule mwaka kahawa ilipanda bei mpaka wanaume wakanunua viatu vya pili. Habari ilipitia posta kabla ya kutufikia, ndiyo faida ya kuwa na rafiki karani. Bingwa mmoja wa Hungaria, mwenye pini yake Budapest, alikuwa ameletwa Nairobi kucheza na watu wa huko, na watu wake walitaka kumpeleka Nyandarua aone ndovu. Nyeri ilikuwa njiani. Kingori alipiga simu, akapiga tena, akasema yeye ni katibu wa chama cha chesi cha Mlima Kenya. Chama chenyewe kilizaliwa wakati simu inalia upande wa pili. Jibu likaja kwamba bingwa atasimama mchana mmoja, atacheza na watu wengi kwa pamoja, yeye anatembea kutoka ubao hadi ubao.

Gatimu aliposikia alikwenda akaosha lori, na halikuwa limeoshwa tangu barabara ya Karatina itiwe lami.

Siku ya bingwa kufika, ukumbi wa mji ulijaa hadi madirishani. Kutus walikuja kwa pikapu wakiongozwa na Muriithi, muuza mashuka, mwanafunzi wa Gatimu aliyedai kwamba mwalimu ameshazeeka. Watu wa Kutus walikuwa na mtindo wao. Ni wafanyabiashara, hawana subira ya kumfungia mtu. Wao hukamata wakaenda sokoni. Sisi wa Nyeri tulikuwa tunawaita maaskari, nao wakatuita mapadre.

Padre mwenyewe, si wa ubao bali mzee mmoja Mwitaliano wa misheni, alikuja pia, kwa sababu Mhungaria alikuwa anajua Kiitaliano na hakuna mtu mwingine angetafsiri. Bingwa alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la mvua siku ya jua. Alituinamia kidogo, akaanza kutembea.

Alikula watu kama mandazi ya asubuhi. Kingori alikuwa wa kwanza kuanguka, na alianguka na ufafanuzi mrefu. Mukurweini walifuata. Muriithi alijitahidi, lakini Punda mmoja wa bingwa aliruka katikati ya boma lake, na baada ya hapo kulikuwa na kazi ya kuzika tu.

"Nimekubali," Muriithi akasema, akainuka akaja kusimama nyuma ya Gatimu. "Baba Gathoni, umebaki wewe. Usituangushe, tumekuja mbali."

"Kutus ni mbali?"

"Kwa kurudi tumepigwa, ni mbali sana."

Gatimu alikuwa amevaa koti la kanisani. Alicheza polepole, kama mtu anayeteremsha lori lenye mayai. Bingwa alipopita haraka haraka mara moja, akila kwa macho ubao wa mwingine, aliacha mtu mmoja wa mkono bila mlinzi. Gatimu alimchukua. Kisha akachukua mwingine. Tulianza kusongeana. Michezo mingine iliisha yote, na Mhungaria hakuwa tena na mahali pa kutembea. Alivuta kiti akakaa mbele ya Gatimu, akavua koti lake la mvua, na ukumbi mzima ukajua kwamba jambo limeharibika au limetengenezeka.

Gatimu alikuwa na Mama wa Chifu. Bingwa alikuwa na Chifu na mtu mmoja wa mkono, ambaye alikuwa amesimamishwa uso kwa uso na mtu wa Gatimu, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Baadaye tuliambiwa kwamba mabingwa husalimu amri mapema kuliko hapo. Huyu hakusalimu. Nadhani alikuwa anashangaa. Maana Gatimu angeweza kumkamata, sote tuliona, lakini yeye alikuwa anamsindikiza Chifu taratibu kwenda kwenye pembe, kama unavyosindikiza mzee aliyelewa hadi kwake.

"Kamata," Muriithi akanong'ona. "Baba Gathoni, kamata mtu tuende nyumbani."

"Nyamaza."

"Hapo, hapo. Mama anakaa hapo na imeisha."

"Wewe ni mtu wa Kutus," Gatimu akasema bila kugeuka. "Huyu ni mgeni. Na hii ni ya Simeon. Siwezi kuimaliza kama askari."

Sisi wa Nyeri tuliitikia kwa vichwa, tukiwa na kiburi mpaka mabegani. Muriithi aliziba uso kwa kofia.

Gatimu akainua Mama wa Chifu, akamweka pembeni kidogo, mbali na ulipokuwa ushindi wa haraka. Chifu wa bingwa alikuwa ameingia pembeni kabisa. Hajapigwa. Hana pa kukanyaga. Gatimu akagonga meza mara moja.

"Pata," akasema.

Yule Padre mzee akaruka kutoka kitini kama kijana. "Patta!" akasema, uso umejaa furaha. "Ndiyo, ndiyo! Patta!"

Mhungaria naye akatabasamu, akanyoosha mkono. "Patta," akasema.

Basi kama hata mwenye pini amekiri kwa mdomo wake, wewe ungefanya nini? Ukumbi ulipasuka. Mtu alipiga ngoma ya debe. Wakonyo, aliyefunga hoteli kwa mara ya kwanza tangu kuolewa kwa dada yake, alipiga vigelegele vile vitano anavyopigiwa mtoto wa kiume akizaliwa. Kingori alikuwa tayari na pini mdomoni. Gatimu peke yake hakusogea. Aliweka tu kiganja juu ya ule mfuko wa kitambaa.

Kingori ndiye aliyeharibu, na sitamlaumu, mtu wa posta hupenda mambo yaandikwe sawa. Alimwambia Padre, "Baba, muombe atie sahihi kwamba ameshindwa."

"Ameshindwa nani?" Padre akauliza.

"Yeye. Si amesema pata?"

Padre alitutazama. Akamtazama Gatimu. Nikaona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo. "Watoto wangu," akasema, "kwa lugha yetu, patta ni sare. Hakuna aliyeshinda. Hakuna aliyeshindwa."

Nje ng'ombe wa mtu alilia, na ukumbi wote ukamsikia.

"Nilisema kamata," Muriithi akasema ndani ya kofia.

Mtu mmoja akacheka, mwingine akamwambia anyamaze. Fikiria. Miaka zaidi ya thelathini tumekuwa tukilipiana chai na mandazi kwa sababu mpishi wa uji alisikia neno la Kiitaliano kwa sikio la Kiswahili. Kila ushindi wetu wa kiungwana, Nyeri hii yote, ulikuwa sare. Na pini ilikuwa hapo, Gatimu aliiona, angeinyakua kwa mkono mmoja, akaiacha kwa heshima.

Gatimu aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa hivyo Simeon alinifundisha vibaya."

Padre alimweleza Mhungaria, na maelezo yalikuwa marefu, yakiwa na mikono mingi. Nilisikia Simeon, nikasikia pata. Yule mtu mwembamba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea polepole, Padre akifuata.

"Anasema ndugu yako hakukosea sana. Zamani Uhispania, wakati mabingwa wote walikuwa wanatoka huko, ukimfungia mtu hivi walikuhesabia nusu ya ushindi. Uingereza wakati mmoja walisema aliyefungia ndiye ameshindwa. Mchezo ulipohama nchi, sheria nayo ilibadilika njiani. Anasema hajui kwa nini isibadilike ikifika Nyeri."

"Lakini sasa," Gatimu akasema. "Sheria ya sasa. Muulize hivi. Mtu akifungiwa, hajapigwa, hana pa kwenda. Ameshindwa ama hajashindwa?"

Padre hakutafsiri mara moja. Alikuwa Nyeri miaka ile ya waya, alijua anaulizwa nini. Mwishowe akauliza, na yule Mhungaria akajibu neno moja, akitikisa kichwa.

"Hajashindwa," Padre akasema.

"Hata kama amekaa hapo mpaka mwisho."

"Hata hivyo. Hajashindwa."

Gatimu akaanza kukusanya vipande, kimoja kimoja, akivifuta kwa kidole kabla ya kuvitia mfukoni. Alipofika kwa Chifu wa pembeni, yule aliyefungiwa, alimshika muda kidogo.

"Basi ni sawa," akasema. "Hajashindwa. Hiyo naichukua."

Akampa Mhungaria mkono, wakashikana kwa mikono miwili kama watu waliozika pamoja. Wakonyo akasema wageni hawaendi kuangalia ndovu na tumbo tupu, na tukateremka sote kwenda hotelini, Kutus na Mukurweini na misheni.

Huko maneno yakaanza upya, maana Kingori alikuwa bado na pini mkononi. Wengine walisema sheria ni sheria, hakuna aliyeshindwa, hakuna pini. Wengine wakasema nusu ya Uhispania ni nusu. Muriithi alisema kama wangemsikiliza yeye tungekuwa tunakunywa chai ya ushindi.

"Wewe ulipigwa na Punda," Wakonyo akamwambia. "Kunywa."

"Karani," Gatimu akasema. "Weka. Lakini usisukume yote."

"Nusu?"

"Nusu. Za huko Urusi umezigongelea mpaka ukutani, na wewe mwenyewe ulisema zinahama. Hii wacha ikae na mahali pa kwenda."

Kingori alipanda benchi. Nyeri haikuwa imeandikwa kwenye ramani, Nairobi tu na alama ya mlima. Alipima kwa kidole upande wa magharibi wa mlima, watu wa Kutus wakalalamika kwamba mlima ni wao, naye akachoma pini ya kijani katikati ya moshi wa miaka mingi, nusu ndani, nusu nje. Chini yake akaandika kwa penseli: Simeon.

Iko pale hadi leo, ila si pale pale. Basi likipita kwa kasi ukuta hutikisika, na pini huanguka, wakati mwingine ndani ya kikombe cha mtu. Wakonyo huitoa, huifuta kwa aproni, huirudisha kwa kukisia. Ilikaa Mukurweini msimu mmoja mzima kabla mtu hajagundua. Na Muriithi siku hizi akija na mashuka yake kutoka Kutus hataki kiti kingine ila kile kilicho chini ya ramani, kikombe wazi, sikio likisikiliza mabasi, akitusalimia vizuri sana. Sote tunajua anangoja nini.